Tunauziwa farasi, tunahitaji pondo

Kusi ilipokuwa imechachamaa, nilikwenda kumjulia hali mjomba wangu, mvuvi mkongwe katika kijiji kimoja cha kusini mwa Pwani, si mbali na Shimoni. Nilimkuta chini ya mkungu pamoja na wenzake wa kikundi cha usimamizi wa ufuo, wakizozana kwa sauti za juu kuliko bahari yenyewe.

"Karibu, mpwa wangu," akaniita. "Wewe si daktari? Basi tutibu."

Nikamkumbusha, kama nimkumbushavyo kila mwaka, kwamba udaktari wangu ni wa maneno.

"Ndiyo hayo hayo yanayotuuma," akajibu, akanisogezea kibao nikae.

Maneno yaliyowauma yalihusu injini. Kikundi hicho kimedunduiza fedha kwa muda mrefu ili kinunue pikapu. Kazi yake ya kila siku itakuwa kuleta barafu kutoka Ukunda na kupeleka samaki sokoni. Hata hivyo, mara nne hivi kwa mwaka gari hilo litatakiwa kukokota mashua ya fibaglasi ya futi 23 iliyopakiwa juu ya trela: kusi inapokaza, mashua hutolewa majini ikapelekwa kwa fundi mjini, na kabla ya kaskazi kuingia hurejeshwa. Zamani hapakuwa na haja ya gari. Ngalawa ilivutwa juu ya magogo kwa mikono ya watu, huku mmoja akitoa wito na wengine wakiitikia, wito ule ule wa harambee ambao baadaye ulipanda cheo ukawekwa kwenye nembo ya taifa. Lakini fibaglasi haivumilii magogo. Hupasuka tumboni, nayo gharama ya kuiziba ni kubwa kuliko nauli ya trela.

Wanachama waligawanyika pande tatu. Wa kwanza walitaka Hilux ya petroli ya lita 2.7. Wa pili walitaka Hilux ya dizeli ya lita 2.4 yenye tabo. Wa tatu, wengi wao vijana, walisema kwamba asiyenunua dizeli ya lita 2.8 ni heri abaki na mkokoteni. Na kila upande ulitetea hoja yake kwa neno moja: nguvu. "Hii ina nguvu." "Ile ina nguvu zaidi." Nilisikiliza kwa karibu nusu saa, na nusura niombe ruhusa niondoke, maana nilitambua kwamba watu hawa hawakuwa wakizungumza juu ya kitu kimoja.

Kiini cha mzozo kilikuwa karatasi iliyoletwa kutoka kwa muuzaji mmoja wa magari yaliyotumika mjini Mombasa. Karatasi yote ilikuwa ya Kiingereza, isipokuwa mstari mmoja ulioandikwa kwa kalamu chini yake: petroli, nguvu farasi 166, dizeli, nguvu farasi 150. Hapo ndipo wapenda petroli walipojenga ngome yao. Mia moja sitini na sita si nyingi kuliko mia moja hamsini? Hesabu ya chekechea! Na kweli tarakimu zenyewe hazikuwa za uongo. Injini ile ya petroli hutoa kilowati 122, na ile ya dizeli kilowati 110. Muuzaji hakudanganya hata tarakimu moja. Alichofanya ni kuchagua kipimo kimoja kati ya viwili, akakiita nguvu, kisha akanyamaza.

Kipimo cha pili kilikuwamo kwenye karatasi ile ile, katika Kiingereza, mistari miwili chini. Kinapima jinsi injini inavyoweza kuusokota mtaimbo unaozungusha magurudumu. Kwa kukosa jina lililozoeleka mitaani nitakiita msokoto, nacho hupimwa kwa nyutoni-mita. Petroli ile ina msokoto usiozidi 245, na huufikia pale injini inapozunguka mara 4,000 kwa dakika. Dizeli ina msokoto wa 400, nao huanza kupatikana kwenye mizunguko 1,600 tu na kuendelea hadi 2,000. Mwenye kutazama safu hii angeapa kwamba dizeli ina nguvu. Mwenye kutazama safu ya farasi angeapa kwamba petroli ina nguvu. Wote wawili wangekuwa wamesema kweli, na wote wawili wangeweza kugombana hadi adhana ya magharibi.

Uhusiano wa vipimo hivi viwili ni rahisi kiasi kwamba mwanafunzi yeyote wa shule ya upili anaweza kuukokotoa: zidisha msokoto kwa mizunguko ya kila dakika, ugawe kwa 9,550, utapata kilowati. Tuchukue mizunguko 2,000, mwendo wa injini isiyopigiwa kelele. Dizeli hapo hutoa karibu kilowati 84. Petroli, hata tukiifadhili kwa kuichukulia kwamba ina msokoto wake wote wa 245 papo hapo, haiwezi kuvuka kilowati 51. Farasi 166 wale waliotangazwa wapo, lakini wamefungwa juu kabisa ya ngazi, kwenye mizunguko 5,200, mahali ambapo dereva mwenye mashua nyuma yake hapendi kufika wala kukaa.

Pale mkutanoni kulikuwa na kijana mmoja, mjukuu wa mweka hazina, aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Nilipouliza kama kuna aliyesoma jambo hili, aliinua mkono akaighani kanuni yote, kwa Kiingereza, bila kukosea herufi. Wazee wakamtazama kwa fahari. Kisha babu yake akamuuliza, "Ndiyo kusema nini, mwanangu?" Kijana akafungua kinywa, akakifunga. Akatazama chini. Sikumlaumu hata kidogo. Alifunzwa fizikia katika lugha ambayo babu yake haiwezi, na hakuna mwalimu aliyewahi kumtaka aifasiri. Katika mtihani angepata alama zote. Chini ya mkungu, mbele ya watu waliomlipia karo kwa samaki, alikuwa bubu.

Wapo watakaodai kwamba tatizo ni umaskini wa Kiswahili. Dai hili nimelisikia katika kumbi za chuo kikuu kwa miaka mingi, na silikubali. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Tuna neno kani kwa kile kinachosukuma au kuvuta, tuna nishati, tuna nguvu, tuna mwendo na kasi. Wenzetu wa Tanzania huyatumia madarasani katika shule za msingi. Sisi huku tumeyaacha yalale kwenye rafu, na nakiri kwamba sisi wanaisimu tuna sehemu yetu ya lawama: tunaunda istilahi, tunaandika makala juu ya jinsi tulivyoziunda, tunapandishwa vyeo, basi. Ni nadra kwetu kuzipeleka gereji.

Mjomba ndiye aliyenitoa aibu. Nilikuwa najikongoja kueleza tofauti ya msokoto na farasi, nikichora mchangani kwa kijiti, alipoukatiza mchoro wangu kwa mguu wake.

"Ngoja," akasema. "Mashua imekwama fungu la mchanga, maji yanakupwa. Unashika tanga au unashika pondo?"

"Pondo," wakajibu wote.

"Pondo halikufikishi Pemba. Tanga litakufikisha. Lakini aliyekwama hashiki tanga. Basi hao farasi ni tanga, na huo msokoto wako ni pondo. Ama sivyo, Mwalimu?"

Ndivyo, au karibu sana na ndivyo. Nimesoma vitabu kadhaa vya ufundi wa magari, na sijaona mfano uliotulia kama huo. Pale ufuoni, trela ikiwa majini hadi ekseli na mashua imeketi juu yake, gari linaanza kutoka kwenye mwendo wa sifuri, likiwa limeelekea mlimani, juu ya mchanga uliolowa. Hapo hakuna kasi ya kuzungumzia. Kinachohitajika ni kusukuma kwa utaratibu.

Baada ya hapo wapenda petroli walianza kulegea, nami nikajikuta nikiwatetea, maana haki ni haki. Injini peke yake haivuti kitu. Kati yake na gurudumu kuna giaboksi, na kazi ya giaboksi mabaharia wanaijua vizuri kuliko mtu wa bara: ni kazi ya kapi. Ukipandisha foromali kwa gofia, kamba utakayoivuta ni ndefu, na foromali itapanda kidogo kidogo, lakini itapanda. Gia ya kwanza hufanya hivyo hivyo. Inauza mwendo na kununua msukumo. Gari la magurudumu manne lenye gia nzito lina kapi juu ya kapi, nayo huzidisha msukumo huo mara mbili na nusu hivi. Kwa hiyo petroli ya lita 2.7 yenye gia nzito itaitoa mashua ile majini bila shaka yoyote, kwa kelele zaidi na kwa mafuta zaidi. Dizeli isiyo na gia nzito, inayoendeshwa na magurudumu mawili ya nyuma, itazungusha tairi palepale na kujichimbia kaburi, na msokoto wake wa 400 hautaisaidia kitu.

Hata barabarani hesabu si mbaya kwa petroli. Mashua, injini yake, trela na vifaa vyote vilikadiriwa kufikia tani moja na nusu. Ongeza gari lenyewe, dereva na utingo, unakaribia tani tatu na robo tatu. Kuupanda mlima unaoinuka mita tano katika kila mita mia, kwa kilomita 60 kwa saa, kunahitaji kilowati zisizofika 50 kwenye magurudumu. Injini zote tatu zinaziweza. Petroli italazimika kushuka gia mbili na kupiga mayowe, dizeli itashuka moja au isishuke. Kwa safari nne kwa mwaka, mayowe yanavumilika.

Vijana wa lita 2.8 hawakupenda kusikia hayo. Injini wanayoitamani, tangu ilipoongezwa makali mwaka 2020, hutoa kilowati 150 na msokoto wa 500. Ni injini njema. Ni njema kwa mwenye kuvuta tani tatu kila wiki. Kwa tani moja na nusu, mara nne kwa mwaka, tofauti ya bei ingeweza kununua trela mpya pamoja na breki zake, na hapo ndipo nilipotaka kufika.

Fundi wa kijiji, mtu mpole anayetengeneza injini za mashua kwenye kibanda chake cha mabati, alikuwa amekaa kimya muda wote. Aliposema, alisema kidogo. Trela hilo la pili waliloahidiwa lina breki? Hakuna aliyejua. Akatikisa kichwa. Mtengenezaji wa Hilux yenyewe anaruhusu trela la tani tatu na nusu kwenye gari la magurudumu manne, mradi trela liwe na breki zake. Lisipokuwa nazo, kiwango kinaanguka hadi kilo 750, yaani nusu ya mzigo wetu. Injini inaweza kuvuta zaidi ya inavyoweza kuzuia, na mteremko haujali farasi wala pondo. Fikiria kushuka Likoni kuelekea feri maji yakiwa yamekupwa na njia imesimama wima, tani moja na nusu inakusukuma mgongoni. Tangu barabara ya Dongo Kundu ianze kutumika mtu anaweza kuikwepa feri, lakini hawezi kuikwepa miteremko.

Akaongeza jambo jingine ambalo sikulijua. Trela likitoka safari refu, beringi za magurudumu huwa za moto. Ukilitumbukiza baharini papo hapo, hewa iliyo ndani hupoa ghafla na kujikunja, nayo hunyonya maji ya chumvi kupitia kwenye sili. Baada ya miezi mitatu beringi zimekwisha, na gurudumu hung'oka barabarani. Mwenye busara hungoja nusu saa, kisha baada ya kazi huosha kila kitu kwa maji baridi ya kisima. Katika karatasi yote ya muuzaji hapakuwa na neno hata moja juu ya breki wala beringi, katika lugha yoyote.

Ilibaki hoja ya mafuta, ambayo ndiyo iliyoniegemeza upande mmoja. Wasomaji watakumbuka Septemba 2023, miezi michache baada ya ushuru wa thamani ya ziada kwa mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, petroli ilipouzwa kwa Sh211.64 lita moja jijini Nairobi na dizeli Sh200.99. Tofauti ya bei ilikuwa shilingi kumi na chache tu. Lakini lita ya dizeli hubeba nishati zaidi ya lita ya petroli kwa takriban asilimia 10, na injini ya dizeli, kwa sababu hubana hewa zaidi kabla ya kuwaka, hupoteza kidogo kuliko mwenzake. Anayebeba barafu kila siku huliona jambo hilo mfukoni kila mwisho wa mwezi. Kwa hiyo kilichoipa dizeli ushindi machoni pangu ni barafu, si mashua. Siku nne za mashua zilikuwa zimewafunga macho wasizione siku nyingine 361.

Hata hapo pana mtego. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka minane. Hilux za dizeli zilizorejea kuuzwa Japani mwaka 2017 zina chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Chujio hilo hujisafisha kwa joto, nalo joto hupatikana safarini, si katika kuzunguka kijijini kwa dakika kumi kumi. Gari la safari fupi fupi huziba, na kuzibua ni gharama. Nikauliza: barafu mnaifuata umbali gani? Zaidi ya kilomita 40 kwenda, na hizo hizo kurudi, barabara ya lami. Basi chujio litapumua. Lau jibu lingekuwa kilomita tatu, ningewaambia wanunue petroli, na ningekuwa nimewaambia kweli.

Mweka hazina, mama mmoja wa makamo ambaye hadi wakati huo alikuwa akisuka ukili, aliuliza swali ambalo hakuna mwanamume aliyelithubutu. Kwa nini wasikodi trekta kwa siku hizo nne, wakanunua pikapu ndogo ya barafu tu? Pakawa kimya. Mjomba alisema trekta la karibu ni la shamba la miwa, na msimu wa kusi ndio wenyewe wanapolihitaji. Jibu hilo halikumtosheleza mama yule, wala mimi halikunitosheleza kikamilifu, ila liliandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, na nadhani litarudi.

Sasa niseme linalonikera. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari zitakazomwezesha kufaidi kikamilifu bidhaa anayoinunua. Ibara ya 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Ukiziweka ibara hizi mbili bega kwa bega, ni vigumu kuelewa jinsi watu wanaotoa akiba ya miaka wanavyoweza kupewa karatasi wasiyoisoma, pamoja na mstari mmoja wa kalamu unaowapa kipimo kinachomfaa muuzaji. Je, habari isiyoeleweka ni habari? Mwenye duka la dawa hutakiwa aeleze vidonge vinamezwaje. Muuzaji wa gari linaloweza kuua mtu mlimani hatakiwi kueleza uzito wa trela?

Walimu wa fizikia wanaweza kuanza kesho bila kungoja mtaala. Wampe mwanafunzi karatasi ya gari, wamwambie amweleze mzazi wake kwa Kiswahili ni injini ipi itakayovuta nini, na kwa nini. Dakika ishirini zinatosha. Wenzao wa Kiswahili, wanaotafuta mada za insha kila Ijumaa na kurudia zile zile za ajali na ukimwi, nao wangepata kitu kipya cha kusahihisha.

Kabla sijaondoka, kikundi kiliniomba niandike barua kwa muuzaji, kwa Kiswahili, kumtaka atoe maelezo manne katika lugha hiyo hiyo: msokoto wa kila injini na mizunguko inapopatikana, uzito wa trela unaoruhusiwa lenye breki na lisilo na breki, kama gari lina gia nzito, na kama lina chujio la masizi. Mjukuu wa mweka hazina ndiye aliyeiandika kwa mkono wake, mimi nikiwa natamka na yeye akiuliza maneno. Aliponisomea mara ya mwisho, alimgeukia babu yake akamfafanulia kila mstari, na safari hii hakutazama chini.

Jibu lilifika baada ya wiki mbili. Mjomba alinisomea kwa simu. Lilikuwa la Kiswahili kama tulivyoomba, limepigwa chapa na kutiwa muhuri, na lilikuwa na mstari mmoja: "Magari yetu yote yana nguvu ya kutosha." Wameandika barua ya pili.